Mvua ilikuwa nyingi, mahindi yakakauka: je, utabiri ulikosea?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nalima mahindi na mtama tambarare za Same, na nina ng'ombe na mbuzi wachache. Kabla ya vuli tulitangaziwa mvua za wastani hadi juu ya wastani. Kweli ikanyesha, tena kubwa, kisha ikakata karibu wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, yale maua ya juu. Nimeambulia magunzi matupu. Ajabu ni kwamba malisho yamestawi. Utabiri ulikosea? Mvua imerudi na mtama nilioukata unachipua; naweza kuwaachia mifugo wale, pamoja na mabua ya mahindi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Naanza na mtama, maana huo hausubiri: usiwaachie mifugo machipukizi hayo. Mtama mchanga, hasa unaochipua baada ya ukavu, hubeba kemikali inayogeuka kuwa sumu kali ya sianidi mnyama anapoutafuna. Ng'ombe na mbuzi huathirika haraka kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao huharakisha kuitoa sumu hiyo. Mnyama huhema kwa nguvu, hupepesuka, huanguka, na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Ukiona dalili hizo, waondoe wote shambani na umwite daktari wa mifugo papo hapo. Subiri mtama upite usawa wa kiuno, au ukate na kuukausha vizuri juani; ukikauka, sehemu kubwa ya sumu hupotea.

Mabua ya mahindi yana hatari nyingine. Mmea uliodumaa kwa ukame hulimbikiza naitreti, chumvi ya naitrojeni inayoweza kumdhuru mnyama ikizidi, zaidi sehemu ya chini ya shina, na kukausha hakuiondoi. Yawe mabichi au makavu, kata juu zaidi ya kawaida, acha shina la chini shambani, na uwape kidogo kidogo pamoja na nyasi kavu. Mnyama mwenye njaa asianzie hapo.

Sasa utabiri. Tangazo la msimu huzungumzia jumla ya mvua ya miezi mitatu, na huzungumzia kwa uwezekano. Likisema asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani na 20 chini ya wastani, hakuna kilichofutwa. Hata hiyo 20 ni msimu mmoja katika mitano. Vuli yetu hutegemea sana Bahari ya Hindi: upande wa magharibi ukipata joto kuliko mashariki, mvua huongezeka, kama 2019 na 2023. Hilo laonekana mapema. Lakini wiki mvua itakapokata huamuliwa na mambo mengine, mojawapo likiwa ule mfumo wa mawingu unaozunguka tropiki kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60. Huo hauonekani miezi miwili kabla. Kwa hiyo jumla inaweza kutimia na shamba likateketea, kama lako.

Mahindi yana tarehe ya mwisho, nyasi hazina. Yakikosa maji wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka, chavua inamwagika na kuisha kabla hazijajitokeza, na gunzi linabaki tupu hata mvua irudi kesho yake. Nyasi za kudumu hutulia mizizini, zikapata mvua zikaendelea. Ndiyo maana ng'ombe wako wanashiba na ghala halina kitu.

Masika usipande mahindi yote siku moja. Gawanya shamba sehemu mbili, uzipande kwa kupishana wiki mbili hivi, na sehemu moja iwe mbegu ya kukomaa mapema. Kisha fuatilia utabiri wa siku 10, siyo wa msimu peke yake. Ukitabiriwa ukavu kabla ya mbelewele, palilia mapema na utandaze mabaki ya mimea juu ya udongo. Magugu hunywa maji yale yale mahindi yanayoyahitaji.