Usisakinishe upya kwanza

Kaka, kama nimekuelewa, uko Kondele, Kisumu, na wimbo wa mteja wa ohangla, muziki wa Kiluo, na tangu uweke plagini (programu ndogo ya kuongezea) mpya ya mwangwi, Reaper, programu yako ya kurekodi na kuchanganya muziki, inajifunga kila ukiufungua. Huduma kwa wateja ya waliotengeneza plagini nao wimbo wao ni mmoja: "sakinisha upya."

Okoa kazi ya mteja kwanza. Fungua Reaper tupu, nenda kwenye dirisha la kufungua mradi, tia alama kwenye kisanduku cha kuufungua plagini zote zikiwa zimezimwa. Kisha ziwashe moja moja. Ukiipata yenye shida, itafute kwenye orodha ya plagini, bofya kulia, uchague iendeshwe katika mchakato wake pekee. Ikianguka, itaanguka peke yake.

Angalia pia inaangukia wapi. Kama sauti inapita vizuri mpaka ufungue dirisha lake, mimi ningeshuku dereva ya kadi ya picha, hasa kwa laptopu ya mtumba.

Hao wa huduma usiwaandikie tu "haifanyi kazi", utajibiwa na roboti. Fungua Event Viewer ya Windows, inayoweka kumbukumbu za hitilafu, nakili mistari ya hitilafu yenye jina la faili lililoanguka, taja matoleo ya kila kitu, ambatisha mradi mdogo wa traki moja unaoleta shida ileile. Halafu uliza mwisho wa kurudishiwa pesa ni lini. Swali hilo huamsha watu.

Kwa sasa tumia ReaVerbate, plagini ya mwangwi iliyomo ndani ya Reaper. Kwa orutu, fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, inatosha kabisa.