Kununua nyumba Kaunti ya Warren, Kentucky: pima ajira kwanza, kisha pima ardhi

Kaunti ya Warren iko kusini mwa Kentucky. Makao makuu yake ni Bowling Green, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Nashville kwa barabara kuu ya I-65. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 113,792. Ya 2020 ikahesabu 134,554. Miongoni mwa waliohamia wamo familia nyingi za wakimbizi, Wakongo wanaozungumza Kiswahili wakiwemo. Kwa kasi hiyo, madalali wana wimbo mmoja tu: nunua sasa, mwakani bei haitashikika. Huenda wakawa sahihi kuhusu bei. Ila mkopo hulipwa kwa mshahara, na mshahara wa hapa unategemea viwanda kuliko wengi wanavyokubali.

Kuna ajira zilizokwisha kuota mizizi: General Motors inaunda gari la Corvette mjini hapa tangu 1981, kipo Chuo Kikuu cha Western Kentucky, zipo hospitali. Na kuna ajira za matangazo. Mwaka 2022 kampuni ya betri ya AESC ilitangaza kiwanda cha dola bilioni 2 na nafasi 2,000, na bei za viwanja zikaanza kuhesabu watu ambao bado hawajaajiriwa. Tazama yaliyotokea Glendale, kwenye I-65 hiyo hiyo upande wa kaskazini: Ford na mshirika wake waliahidi nafasi 5,000 za kiwanda cha betri za magari ya umeme mwaka 2021, na kufikia Desemba 2025 Ford ilikuwa inabadilisha matumizi ya kiwanda, huku wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakipunguzwa. Soko la magari ya umeme lilipoa, na nafuu ya kodi ya shirikisho kwa wanunuzi wa magari hayo ilikoma tarehe 30 Septemba 2025.

Kwa hiyo usinunue kwa kufuata tangazo. Fuatilia takwimu za ajira na mishahara za kila kaunti, ambazo Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutoa kila robo mwaka. Zinachelewa miezi kadhaa, lakini zinahesabu watu wanaolipwa kweli. Angalia pia orodha ya notisi za WARN ya Kentucky: kwa kawaida mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi hutakiwa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga au kupunguza watu wengi.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa nyumba ya dola 300,000, mkopo wa FHA (unaowekewa bima na serikali ya shirikisho), malipo ya awali asilimia 3.5, riba asilimia 6.5 kwa miaka 30. Ada ya mwanzo ya bima ya mkopo ikiingizwa ndani ya deni, rejesho ni kama dola 1,862 kwa mwezi. Ongeza bima ya mkopo 133, na tuseme kodi ya mali 200 na bima ya nyumba 150: unafika 2,345. Ili kiasi hicho kisizidi asilimia 31 ya kipato, familia inahitaji kuingiza karibu dola 7,560 kwa mwezi kabla ya makato. Hao ni watu wawili wa dola 22 kwa saa, wote kazini muda wote. Mmoja akisimamishwa, hesabu imevunjika. Saa za ziada usizitegemee. Wakopeshaji wengi hawazihesabu mpaka uonyeshe historia ya mwaka mmoja au miwili. Na tangu Mei 2025, mkopo wa FHA unataka uraia au ukaazi wa kudumu, isipokuwa kwa makundi machache sana.

Kodi ya mali ina mtego wake. Bili utakayoonyeshwa na dalali ni ya mwenye nyumba wa sasa. Kama ana miaka 65 au zaidi, huenda anapunguziwa thamani inayotozwa kodi (dola 49,100 kwa 2025 na 2026), na wewe hutarithi nafuu hiyo. Isitoshe, ofisi ya uthamini ya kaunti, PVA, inaweza kupandisha thamani kufuata bei uliyonunulia. Kwa kuwa kodi kwa kawaida hulipwa pamoja na rejesho la mkopo, rejesho la mwaka wa pili linaruka, na watu hudhani benki imewaibia.

Halafu ardhi. Chini ya Bowling Green ni mawe ya chokaa yaliyojaa mapango. Tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya Jumba la Makumbusho la Corvette ilititia na kumeza magari 8. Kwa mwenye nyumba, tatizo la kawaida zaidi ni maji: mvua ya mji huu huishia mapangoni, na mapango yakijaa, maji husimama mabondeni hata mbali kabisa na mto. Nenda ukaione nyumba siku moja baada ya mvua kubwa. Tafuta nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye matofali, milango inayokwama, nguzo za uzio zilizoinama, na mahali uani palipojazwa udongo mpya.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na kwa kawaida hailipi ardhi kutitia. Uliza nyongeza ya kila kimoja, upewe jibu kwa maandishi. Bima ya mafuriko ya serikali husubiri siku 30 kabla ya kuanza kufanya kazi, isipokuwa ukiichukua pamoja na mkopo wa kununulia. Mwambie mkaguzi apime pia radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, kwa kuwa Warren imo katika kundi la kaunti zenye hatari ya juu ya gesi hiyo. Kipimo kikifika pikokyuri 4 kwa lita, mwombe muuzaji aweke bomba na feni ya kuitoa nje kabla hamjasaini.