Kazi ya ujasusi wanaingia watu wa kawaida kabisa

Wadogo zangu mnaoitamani hii kazi, kwanza ile picha ya mtu mwenye suti na bastola itoeni kichwani. Miaka yote niliyokaa kwenye uchambuzi nimefanya kazi na wahasibu, walimu wa historia, watu wa ramani, wakalimani, mafundi wa kompyuta, na wengi wao kutwa nzima wako kwenye dawati wanasoma na kuandika, simu wameiacha nje ya mlango.

Na hii haijaanza leo. Mwaka 1942 Waingereza walipokuwa wanatafuta vichwa vya kufumbua mawasiliano ya adui kule Bletchley Park, kituo chao cha siri cha kufumbua mafumbo wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliwafuata hadi watu waliofanya vizuri kwenye shindano la chemshabongo la gazeti la Daily Telegraph. Julia Child anayejulikana kwa mapishi aliingia OSS, shirika la ujasusi la Marekani la wakati huo wa vita, akianzia kuchapa na kupanga mafaili. Zamani ulikuwa unaitwa pembeni na mtu anayekujua, mara nyingi mwalimu wako wa chuo, siku hizi wanatangaza, hata MI6, shirika la ujasusi wa nje la Uingereza, ilianza kutangaza nafasi gazetini 2006, kwahiyo usisubiri kuitwa, omba.

Ila njoo na kitu mkononi. Lugha, kwa mfano, na sio lugha ya kuombea maji, nazungumzia ya kusikiliza watu wawili wanaongea harakaharaka kwa misimu yao na ukaelewa nani anamtania nani. Au uhasibu, maana hela ikihama huwa inaacha nyayo.

Sasa upekuzi, yaani kuchunguzwa maisha yako kabla hujaajiriwa, hapa ndipo wengi wanakwama na wala sio kwa sababu ya uhalifu. Fomu ya Marekani inaitwa SF-86, inataka kila sehemu uliyoishi miaka 10 iliyopita bila kuacha pengo, waajiri, safari za nje, ndugu walioko nje, madeni, na baadaye kuna mtu anaenda kuwauliza majirani na mabosi wako wa zamani. Anza leo kuandika hivyo vitu kwenye daftari, tarehe na majina, kwa sababu kumbukumbu inasahau na ukijaza kwa kubahatisha unaonekana unaficha. Deni ukilisema linajadilika, ukilificha umeharibu. Halafu usimtangazie kila mtu kwamba umeomba, CIA wenyewe wanawaambia waombaji hivyo, na usiache kazi uliyonayo kwa sababu huo mchakato unaweza kupita mwaka.

Kitu cha mwisho ni kuandika, na naomba mnisikilize sana hapa. Mwaka 1951 CIA waliandika kwamba Yugoslavia kushambuliwa na Wasovieti ni "uwezekano wa kuchukuliwa kwa uzito". Sherman Kent, mchambuzi wa CIA aliyewahi kufundisha historia chuo kikuu cha Yale, alikuja kuwauliza wenzake walioipitisha ile ripoti walimaanisha kiasi gani, mmoja akasema asilimia 20, mwingine 80! Ripoti moja, na wote walikuwa wameikubali. Kwahiyo jizoeze, chukua habari moja ya nje kila wiki, andika nusu ukurasa, tenganisha unachokijua na unachokidhani, weka asilimia na tarehe, alafu tarehe ikifika rudi usome ulichoandika bila kujionea huruma.