Alinisingizia, sasa anataka nimtetee

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwenzangu kazini alinisingizia wizi nikasimamishwa kazi, hadi ukweli ulipojulikana. Hajaniomba radhi. Sasa yeye ndiye ana kesi ya nidhamu, na anataka nimwandikie barua ya kumtetea. Nikikataa, nitakuwa nimelipiza kisasi?

Jibu: Amina, mpendwa. Kusingiziwa wizi kunauma, na Biblia haikwambii ujifanye hujaumia. Katika mfano wa Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alikuwa akimdai mwenzake dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa, kwa hiyo lile lilikuwa deni la kweli, jasho la miezi zaidi ya mitatu. Kosa lake ni kumkaba koo mwenzake wakati yeye mwenyewe ametoka kufutiwa deni lisilolipika.

Kwa hiyo kisasi kiache. Warumi 12:19 inamwachia Mungu malipo, na mstari wa 20 unakutaka umlishe adui mwenye njaa. Lakini adui mwenye njaa anapewa chakula, hapewi ushahidi wa uongo. Kama hujui lolote la kumtetea, kukataa barua si kisasi. Kama unajua jambo la kweli linalomsaidia, liandike hilo tu, usizidishe wala usipunguze. Kisasi kingekuwa kulinyamazia makusudi ili aangamie, au kupenyeza habari ya kukusingizia wakati hakuna aliyekuuliza. Ukiulizwa, sema ukweli kwa kifupi.

Wengi hudhani kugeuza shavu la pili ni kunyamaza. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha, ila alimuuliza aliyempiga: kama nimesema vema, mbona wanipiga? (Yohana 18:23). Paulo naye, baada ya kupigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakuu waje wenyewe (Matendo 16:37).

Kabla ya barua, basi, kuna mazungumzo ambayo bado hamjayafanya. Mathayo 18:15 inaanza na ninyi wawili peke yenu. Mwambie alichofanya na kilivyokugharimu, bila kumtaja mwingine, kisha nyamaza umsikilize. Akikataa, chukua mtu mmoja au wawili. Kanisa huja baadaye, kama naye ni mwamini. Hapa ndipo tunapoharibu mara nyingi: tunaanzia mwisho. Jambo linapelekwa kwanza kwenye kikundi cha maombi kama hitaji la kuombewa, na ndugu anapofuatwa, jina lake limeshachafuka. Hicho nacho ni kisasi, hata kikifungwa kwa amina.

Anza kumwombea leo kwa jina, hata moyo ukigoma (Mathayo 5:44). Akitubu, msamehe waziwazi (Luka 17:3). Asipotubu, moyoni mwachilie, ila kumwamini tena kama zamani kutasubiri. Yusufu naye aliwapima ndugu zake kabla ya kujitambulisha kwao.