Huku mpira ni wa watoto, futiboli ni ya ukoo

Kila yakija mashindano makubwa mnatuuliza sisi tulioko Marekani swali lile lile: nchi ya watu zaidi ya milioni 330, ina viwanja, ina pesa, ina vijana wenye miili ya kukimbia mchana kutwa, inakuwaje mpira kwao uwe kitu cha pembeni? Majibu ya vijiweni tunayajua. Eti hawaelewi kuotea, eti sare inawakera, eti wamezoea kuona pointi zikimiminika. Mengi ya hayo ni ya kuchangamsha baraza tu.

Tuwekane sawa kwenye majina kwanza. Tukisema mpira ni huu wetu, ambao wao wanauita soka, na wala wasilaumiwe kwa jina hilo, maana ni Waingereza waliolitunga kwa kulikata neno "association". Futiboli ni ule mchezo wao wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili.

Desemba 2023 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani watu wazima ni mchezo gani wanapenda zaidi kuutazama. Futiboli ilipata asilimia 41, besiboli 10, mpira wa kikapu 9, mpira wetu 5, hoki ya barafuni 4. Someni vizuri hapo: futiboli peke yake imeizidi michezo hiyo mingine minne ikijumlishwa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni futiboli ilifanyaje hata ikameza kila kitu, besiboli nayo ikiwemo.

Hiyo hoja ya magoli mengi tuimalize haraka. Kwenye futiboli, kufika mwisho wa uwanja na mpira kunakupa pointi 6, na teke la ziada linaongeza 1. Matokeo ya 28 kwa 21 mnayoyaona yametisha ni mara nne kwa mara tatu tu, yaani 4-3 yetu. Hoki ya barafuni huisha 3-2 na bado ina watu wake. Na subira wanayo: mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima mechi za futiboli na kukuta kwamba ndani ya matangazo ya zaidi ya saa tatu, mpira wenyewe uko mchezoni kama dakika 11. Mtu anayekaa hapo jioni nzima hawezi kuambiwa amechoshwa na dakika 90.

Shina la jambo liko shuleni. Huku timu ya kwanza ya mtu ni ya sekondari aliyosoma. Ijumaa usiku, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, taa za uwanja wa shule zinawaka na mji mdogo unahamia pale. Hata mzazi ambaye mwanawe hajui kudaka mpira ana sababu ya kwenda: binti yake anapiga tarumbeta kwenye bendi, wa jirani anacheza ngoma, mama mwingine yuko dirishani anauza soda kuchangia nauli ya bendi hiyo hiyo. Jumamosi ni zamu ya vyuo vikuu. Jumapili ni ya NFL, ligi ya wanaolipwa. Siku tatu, ngazi tatu, na hazigongani.

Hazigongani kwa sababu kuna sheria. Sheria ya matangazo ya michezo ya mwaka 1961 iliziruhusu ligi kuuza haki za televisheni kwa pamoja bila kushtakiwa kwa kuhodhi soko, lakini, pamoja na marekebisho ya 1966 yaliyoongeza shule za sekondari, ikaweka sharti: kati ya Ijumaa ya pili ya Septemba na Jumamosi ya pili ya Desemba, ligi ya kulipwa inayorusha mechi Ijumaa usiku au Jumamosi karibu na zinakochezwa mechi za shule na vyuo inapoteza kinga hiyo. Yaani serikali ilimlinda mtoto wa sekondari asiporwe watazamaji na wakubwa zake. Mpira wetu haukuwahi kupewa kivuli cha namna hiyo.

Kipimo cha ngazi ya pili ni hiki. Uwanja wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Michigan una viti 107,601, na mji wa Ann Arbor ulipo una wakazi kama 120,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa ni watu 60,000. Na huo ni uwanja wa wanafunzi! Aliyehitimu miaka 40 iliyopita anarudi na wajukuu, wote wamevaa rangi moja. Mtoto wa Kariakoo huwa hachagui Simba au Yanga kwa kulinganisha viungo wa kati. Anaikuta nyumbani, baba keshamnunulia jezi. Futiboli huku inarithiwa vivyo hivyo.

Mpira wa shule upo, lakini unachezwa Jumanne au Alhamisi saa kumi jioni, watazamaji ni wazazi wa wachezaji na mbwa mmoja. Majimbo mengine, kama Ohio, wanauweka msimu mmoja na futiboli, kwa hiyo kijana anayekimbia vizuri analazimika kuchagua, na mnajua kocha wa mchezo upi ndiye anayejulikana mji mzima. Texas wanauweka baada ya Krismasi, lakini huko ndiko kwenyewe kwa futiboli.

Kisha kuna ufadhili wa masomo, jambo ambalo wazazi wa Kimarekani wanalihesabu kuliko magoli. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilika 2025, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kutoa nafasi 85 za ufadhili kwa futiboli, na 9.9 kwa mpira wa wanaume. Ndiyo, tisa nukta tisa, zigawanywe kwa kikosi chenye watu 25 na zaidi, mmoja apate nusu, mwingine robo. Vyuo vya kusini mashariki vyenye majina makubwa kwenye futiboli, vile vya ligi ya vyuo iitwayo SEC, karibu vyote havina kabisa timu ya mpira ya wanaume. South Carolina na Kentucky ndio wanazo, nao huenda kucheza kwenye ligi ya vyuo vingine.

Wasichana ni habari nyingine. Sheria ya 1972 iliyojulikana kama Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu, vyuo vikahitaji michezo ya wanawake ya kusawazisha zile nafasi 85 za wanaume, na mpira ukafaa sana kwa kuwa unabeba wachezaji wengi. Matunda yake ni Kombe la Dunia la wanawake mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 ilijaza watu 90,185 pale uwanja wa Rose Bowl, California. Kwa hiyo anayesema Mmarekani hana damu ya mpira aulizwe ni yupi, wa kiume au wa kike.

Tena mpira si mgeni huku. Miaka ya 1921 hadi 1933 kulikuwa na ligi ya kulipwa yenye timu za viwanda na miji ya wahamiaji, ikiwavuta wachezaji kutoka Uskoti. Mwaka 1930 Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza. Lakini ligi na chama cha mpira walikuwa wamekwisha kugombana tangu 1928, uchumi ukaanguka 1929, timu zikafa. Ikaja ligi nyingine, NASL, ikamleta Pelé New York mwaka 1975, watu 77,691 wakaingia uwanjani mechi moja ya 1977, na ilipofika 1984 ikacheza msimu wake wa mwisho. Kuanzia 1985 hadi 1995 nchi haikuwa na ligi kuu ya mpira yenye hadhi ya daraja la kwanza. MLS, ligi kuu ya sasa, ilianza 1996 na timu 10. Sasa mtu mwenye miaka 50 leo, timu yake ya utotoni angeitoa wapi amrithishe mwanawe?

Na MLS ilivyoanza ilijipaka rangi ya Kimarekani: saa ya uwanjani ilihesabu kurudi nyuma hadi sifuri, na sare ziliamuliwa kwa mchezaji kuanzia yadi 35 na kupewa sekunde 5 amtoke kipa. Wapenzi wa mpira wakaona haya, wapenzi wa futiboli wala hawakuja. Vyote vikaachwa baada ya msimu wa 1999.

Televisheni nayo ina lake. Futiboli inasimama kila baada ya sekunde chache, na kusimama huko kunatoa nafasi nyingi za matangazo. Kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya 2025 sekunde 30 za tangazo ziliuzwa hadi dola milioni 8. Mpira unampa mwenye kituo dakika 45 bila pa kuchomeka bia wala gari, kwa hiyo kwa miongo mingi hakuona sababu ya kuusukuma. MLS ilipopata mkataba mnono na Apple kuanzia 2023, mechi zake nyingi zikaenda nyuma ya malipo. Biashara ilikuwa nzuri, lakini yule babu anayebadilisha chaneli Jumamosi mchana hakutani nazo tena kwa bahati.

Kuna jambo moja ambalo sisi wenyewe hatulipendi lakini ni kweli: Mmarekani amezoea kuwa na ligi bora duniani mlangoni pake. NBA ya mpira wa kikapu ni bora, NFL haina mwenzake, besiboli vivyo hivyo. Anayeupenda mpira kwelikweli anaamka kutazama Uingereza, na ana haki. Mechi ya kwanza ya Jumamosi huanza New York saa moja na nusu asubuhi, California saa kumi na nusu alfajiri. Wenye asili ya Mexico wanatazama ligi ya kwao kwa Kihispania, na ni wengi mno. Mpira una watu huku. Wamegawanyika tu kwenye ligi tano au sita, wakati futiboli inawakusanya kwenye moja.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wanaotaka kuleta watoto wanapokosea hesabu. Kule nyumbani chandimu ni soksi, karatasi na uwazi. Huku mtoto wa miaka mitano anaandikishwa kwenye ligi ya kujifurahisha, kwa kawaida kati ya dola 100 na 250 kwa msimu, jezi ndani yake. Wadogo kabisa wanacheza wanne kwa wanne, wa chini ya miaka 10 saba kwa saba, wa chini ya 12 tisa kwa tisa, kuanzia 13 ndipo kumi na moja kamili. Mpira ni namba 3, halafu 4, halafu 5. Wa miaka 10 kushuka chini hawaruhusiwi kupiga kichwa, kwa kuhofia ubongo. Mleteni mtoto aliyezoea kuruka kona mkijua hilo.

Akionekana ana kipaji, anahamia klabu ya kusafiri. Hapo ada ni dola 2,000 hadi 5,000 kwa mwaka, na klabu za juu huzidi. Ongezeni jezi dola mia kadhaa, mashindano ya wikiendi, hoteli usiku mbili, mafuta ya gari saa nne kwenda na nne kurudi. Majaribio mengi hufanyika Mei na Juni. Ukifika Agosti kikosi kimejaa. Wengi wakiona bili wanamrudisha mtoto kwenye mpira wa kikapu, ambao ringi yake iko bustanini bure. Akademi za MLS kwa kawaida hazitozi ada, lakini timu ni 30 tu kwa bara zima, tatu zikiwa Kanada. Ndiyo maana mpira huku umekuwa mchezo wa vitongoji vyenye nyasi na akina mama wenye magari makubwa, kinyume kabisa na kwetu. Watoto wengi kati ya hao wakifika miaka 13 au 14 wanaacha, na wakiacha kucheza hawana timu ya kushabikia.

Bernard Kamungo mnapaswa kumjua. Alizaliwa Kasulu, kwenye kambi ya wakimbizi, familia ikiwa imetoka Kongo, akafika Abilene, Texas, mwaka 2016. Hakupita akademi. Alicheza sekondari, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas ya MLS, na Januari 2024 akavaa jezi ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Inatia moyo, lakini itazameni pia kwa upande wa pili: kipaji cha namna hiyo kilikaa miaka kadhaa kwenye mji wa Texas bila mtu kukifuata.

Hali inabadilika kidogo kidogo. Atlanta walijaza watu 73,019 kwenye fainali ya MLS ya 2018, Messi yuko Miami tangu Julai 2023, na MLS imeamua kuhamia kalenda ya Ulaya kuanzia 2027. Uamuzi huo una busara yake: kwa kalenda ya sasa mechi za mtoano zinaangukia Oktoba hadi Desemba, pale pale NFL, vyuo, NBA na fainali za besiboli zinapogombania macho ya watu.

Mnaokuja na njumu begini, jueni kwamba uwanja mtupu huku si wa yeyote anayefika. Ni wa manispaa au shule, una kibali na saa zake, na wenye kibali wakitokea mnatoka hata kama ni 2-2. Nyasi za kawaida zikilowa zinafungwa. Nyasi bandia haziruhusu njumu za chuma, leteni za plastiki zenye meno mafupi, na kinga za ugoko, maana mwamuzi wa ligi za Jumapili anazikagua. Ama Simba na Yanga, wakianza saa kumi na moja jioni ya Dar, New York ni saa nne asubuhi wakati wa joto na saa tatu wakati wa baridi. Kibanda umiza ni sebule ya mtu, viatu mnavua mlangoni, na anayewahi ndiye anayebandika chai.