Hakuzamisha hata meli moja

Wiki hii mmeuliza: je, askari aliyeshindwa anaweza kuitwa shujaa? Kwangu ndiyo, na shahidi wangu ni Eugene Esmonde, rubani wa jeshi la majini la Uingereza.

Februari 12, 1942, mchana kweupe, manowari tatu za Kijerumani, Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zilikuwa zikikatiza mlango-bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, zikitokea bandari ya Brest huko Ufaransa, zimezungukwa na meli ndogo za ulinzi, juu yake ndege za kivita. Esmonde alitumwa na ndege sita aina ya Swordfish. Usifikirie chuma. Zilikuwa na mabawa ya juu na chini yaliyowambwa kitambaa, watu watatu wamekaa wazi, upepo unawachapa usoni. Mwendo haukufika kilomita 230 kwa saa, na zikibeba topido, bomu refu linalosafiri majini hadi kwenye meli, zilipungua zaidi.

Tena topido haitupwi kama bomu. Rubani hushuka karibu aguse maji, halafu anyooshe bila kuyumba, la sivyo inaingia vibaya na kupotea. Kwa hiyo mwenye mzinga kule melini anamwona akija, taratibu, kama mtu anayevuka uwanja mtupu. Mimi hapo ningekwisha geuza.

Esmonde aliahidiwa vikosi vitano vya ndege za kumsindikiza. Zilizowahi zilikuwa ndege kumi. Alizunguka kidogo akisubiri, kisha akaenda. Wengine wataita ukaidi. Lawama zangu ziko kwa waliomwahidi.

Risasi ziling'oa bawa lake la chini. Inasimuliwa kuwa mkia uliposhika moto, mpiga bunduki wake alitoka nje, akaukalia mgongo wa ndege kama mpanda punda, akauzima kwa mikono. Ndege zote sita ziliangushwa. Kati ya watu 18 walipona 5. Hakuna topido iliyopiga meli. Mbili kati ya manowari hizo zilikuja kuumizwa baadaye na mabomu yaliyotegwa majini.

Siku moja tu kabla ya hapo alikuwa kasri la Buckingham akipokea nishani kwa kuongoza shambulio dhidi ya manowari ya Kijerumani Bismarck mwaka 1941. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alipewa akiwa marehemu. Mwili wake ulipatikana mwishoni mwa Aprili, mto Thames unapoingia baharini, bado umevaa jaketi la kuokolea.