Hoya Inaoza Chini: Barua za Wasomaji na Majibu Yetu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu hoya, lile ua linalotambaa lenye majani manene, ambalo wengine huliita ua la nta. Tumeanza na tatizo linalowasumbua wengi.

Jirani alinikatia shina la hoya. Nikalichomeka kwenye chungu cha udongo wa bustani uliochanganywa na samadi, nikamwagilia kila asubuhi. Siku ya kumi likawa jeusi chini, laini, linanuka. Je, ni haya maji ya bomba? – Mama wa Ntinda, Kampala

Maji ya bomba hayana kosa, mama. Kilichoua shina lako ni kukosa hewa. Hoya nyingi kwao huishi juu ya miti: mizizi hushikilia gome, mvua ikinyesha maji yanapita na hewa inarudi mara moja. Udongo wetu mwekundu wa Kampala ukimwagiliwa kila siku ndani ya chungu hushikamana kama wa kufinyangia tofali. Shina lisilo na mizizi haliwezi kunywa yale maji, jeraha lake bado bichi, na samadi inalisha vimelea vinavyoozesha. Ndiyo maana weusi unaanzia chini na kupanda.

Kama juu bado kuna kijani, liokoe leo. Kata sentimita chache juu ya weusi, utazame ndani ya mkato. Ukiona duara la kahawia, kata tena juu zaidi mpaka uone kijani au weupe safi. Futa wembe kwa spiriti kila baada ya mkato mmoja, la sivyo unauhamisha ugonjwa mwenyewe.

Sasa tuanze upya. Kipandikizi kizuri si ile ncha laini inayolegea ukiishika, wala si shina kuukuu lenye gome la kahawia. Chukua la katikati: linapinda bila kukunjika, unene wa milimita 3 hadi 5, urefu wa sentimita 10 hadi 15, lenye vifundo viwili au vitatu. Kifundo ni pale majani yanapotokea, kama jicho la muhogo. Mizizi huchomoza hasa hapo, na chipukizi pia. Kata sentimita moja chini ya kifundo, uondoe majani ya kifundo hicho, ubakishe majani mawili ya juu.

Utatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ushike kwa kitambaa na usijiguse macho, kwa kuwa huwasha. Suuza mkato, halafu uache shina kivulini kwa muda wa saa tatu au nne mpaka kidonda kikauke. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, na ndiyo hiyo inayofunga mlango wa uozo. Kuhusu unga wa kuotesha mizizi, na ile asali na mdalasini watu wanayopaka siku hizi: hoya huota bila hivyo. Asali kwenye kikombe chenye unyevu tunaona ni kuwaalika sisimizi tu.

Mchanganyiko: sehemu mbili za vipande vya makaa vya ukubwa wa punje ya mahindi, sehemu moja ya nyuzi za nazi zilizolowekwa, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni. Makaa yaoshwe mpaka maji yatoke bila weusi, kisha yalale ndani ya maji usiku mmoja. Vumbi lake likibaki huziba nafasi zote ulizozitafuta. Mwenye kupata mawe mepesi ya volkano yenye vitundu kutoka upande wa Kisoro anaweza kuyaponda na kuyaweka mahali pa makaa. Maganda ya kahawa hayafai hapa. Yakilowa huanza kuoza na kupata joto.

Tumia kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, cha mililita 250, chenye matundu matano au sita chini (msumari uliopashwa moto unatosha). Jaza, mwagilia, acha maji yachuruzike yote. Kipimo cha unyevu ni kiganja: ukiminya konzi ya mchanganyiko litoke tone moja au mawili. Ukichuruzika, bado umelowa mno. Zika kifundo kimoja kina cha sentimita mbili, majani yasiguse chini.

Funika kwa kavera (mfuko wa plastiki) safi iliyoshikiliwa na vijiti viwili, ufungue dakika kumi kila siku. Weka mahali pa mwanga mwingi pasipopigwa na jua: barazani, au hatua moja kutoka dirisha la mashariki. Jua likigonga kavera, ndani panakuwa sufuria. Usimwagilie kwa ratiba. Tazama ukuta wa kikombe: matone ya ukungu yakiwepo, acha, yakiisha na kikombe kikawa chepesi mkononi, ongeza vijiko vichache.

Mizizi mieupe itaonekana kwenye ukuta baada ya wiki mbili hadi nne. Usivute shina kujaribu, maana vimizizi vya kwanza hukatika kama uzi wa buibui. Ikifika sentimita tatu au nne, ongeza muda wa kufungua kavera kidogo kidogo kwa wiki nzima, kisha uiondoe. Mbolea isubiri jani jipya, na hata hapo nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chungu cha kwanza kisizidi upana wa sentimita 10. Kikubwa hubaki na maji ambayo mizizi michache haiyamalizi, na tunarudi kule kule kwenye uozo.

Nilinunua hoya ya jani moja lenye umbo la moyo. Mwaka wa pili huu, jani ni zima, kijani, gumu, lakini halijaongeza hata jani jingine. Nimpe mbolea gani? – Msomaji wa Jinja

Usimpe chochote, ndugu. Hiyo ni Hoya kerrii, iliyopewa jina la A. F. G. Kerr, daktari wa Ireland aliyekusanya mimea Thailand. Jani lake huotesha mizizi kwa urahisi sana, ndiyo maana wauzaji wanalipenda, hasa msimu wa siku ya wapendanao. Lakini jani lililokatwa bila kipande cha shina halina jicho la kutoa chipukizi. Linaweza kuishi miaka likiwa jani tu.

Fukua taratibu pale kikonyo kinapoingia kwenye udongo. Ukikuta kipande cha shina chenye kifundo, hata cha sentimita moja, subiri, kuna matumaini. Ukikuta kikonyo kitupu, una pambo zuri la mezani. Mara nyingine dai shina lenye angalau kifundo kimoja na majani mawili.

Hapa Kabale nimeweka vipandikizi kwenye chupa ya maji dirishani wiki ya saba sasa. Havijaoza, lakini mizizi hakuna. Na ikitoka, nihamishe lini? – Mwalimu mstaafu

Mwalimu, ni baridi. Hoya huotesha mizizi vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 27 za Selisiasi. Kabale ipo juu ya mita 1,800, na dirishani usiku maji ya chupa hupoa mno. Kipandikizi hakijafa, kimelala. Kihamishie jikoni, kwenye rafu iliyo mbali na moshi na miali ya moto lakini inayopata joto la kupikia, alimradi mwanga unafika. Maji uyabadilishe kila siku tatu au nne, na unapobadilisha tumia ya vuguvugu kidogo. Kifundo kimoja tu ndicho kiwe ndani ya maji. Chupa ifunge kwa karatasi nyeusi, kwani mwanga huleta ukijani wa mwani.

Kuhama: mizizi ikifika sentimita mbili au tatu. Wengi huisubiri ijae chupa kama ndevu, halafu wanashangaa mmea ukinyauka chunguni. Mizizi iliyokulia majini ni dhaifu. Ikiwa mifupi hubadilika, ikiwa mirefu huvunjika na kuoza. Siku kumi za kwanza weka mchanganyiko wenye unyevu kuliko kawaida, kisha punguza.

Hoya yangu imetoa kamba ndefu isiyo na jani hata moja, zaidi ya mita. Naambiwa nikate, inanyonya mmea bure. Naweza kuzipanda hizo kamba? – Gulu

Usikate. Hiyo kamba inatafuta pa kushika. Ikipata, majani hufuata baadaye. Izungushe kwenye waya au fito. Kama kipandikizi haifai sana, kwa sababu bila jani haina chakula cha kutengenezea mizizi, na nyingi hukauka kabla ya kuanza.

Ila kuna njia bora kwenu, hasa kati ya Desemba na Februari hewa inapokauka: lilaze shina likiwa bado limeshikamana na mama. Chagua sehemu yenye majani. Weka kikombe cha ule mchanganyiko wa makaa karibu na chungu, laza kifundo kimoja juu yake, ukibane kwa waya uliokunjwa mfano wa pini ya nywele, ufunike kwa sentimita moja tu. Mama anaendelea kulisha, kwa hiyo hakuna haja ya kavera. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo sana: likikataa, lina mizizi. Kata upande wa mama. Kwa hoya ya thamani uliyo nayo moja tu, sisi tungetumia njia hii kila mara.

Je, hoya inapatikana porini, tuseme msitu wa Mabira? – Mukono

Hapana. Asili yake ni Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi Ufilipino na Indonesia, pamoja na Papua New Guinea na Australia. Jina lilitolewa na Robert Brown mwaka 1810 kwa heshima ya mtunza bustani Mwingereza, Thomas Hoy. Mabira iacheni na mimea yake.

Maua yalipodondoka nilikata vile vikonyo vikavu ili mmea upendeze. Tangu hapo hakuna ua. – Entebbe

Pole dada. Hoya nyingi huchanua tena na tena kwenye kikonyo kile kile, kwa hiyo ulikata kiti cha ua lijalo. Itabidi mmea utoe vingine, na hilo huchukua muda. Kikonyo peke yake pia hakiwezi kuwa kipandikizi, hata kikiwa kijani. Na uwe na subira na miche: Hoya carnosa iliyotoka kwenye kipandikizi huweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza.

Kwenye makwapa ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka. – Mbale

Hivyo ni vidung'ata. Vinanyonya utomvu na kutoa majimaji matamu; sisimizi wanayafuata na kuvilinda. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa kila kimoja mpaka kigeuke rangi, ukikagua chini ya jani na pale jani linapoungana na shina. Siku ya pili osha mmea kwa lita moja ya maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji, kisha suuza. Rudia kila siku saba kwa wiki nne, hata kama huoni kitu, kwa sababu mayai huanguliwa baada yako.

Kisha ng'oa mmea utazame mizizi. Ukiona unga mweupe kwenye mizizi na kwenye ukuta wa chungu, vimeshashuka chini. Hapo tunashauri usipigane: kata vipandikizi safi juu, vioshe kwa maji ya sabuni kabla ya kuvichomeka, mchanganyiko wa zamani utupe mbali, na chungu cha udongo kisuguliwe na kumwagiwa maji yanayochemka.